Rekodi ya babu haionekani mtandaoni? Soma hapa kabla hujamwandika upya

Wateja wanaokuja kwenye steshenari yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, huanza na neno moja: "Wamefuta." Ukiuliza nani kafuta, hawajui. Januari ndio huwa wengi, maana Desemba wametoka kwenye vikao vya ukoo Kyela, Rungwe, Mbozi, Makete. Mtu alifungua mti wa ukoo kwenye simu awaonyeshe wazee, babu hayupo. Aibu mbele ya shangazi zake wote.

Kwa niliyoyaona kwenye mashine zangu, rekodi kufutwa kabisa ni nadra. Mara nyingi imefichwa kwa sheria ya faragha, imeunganishwa na nyingine, imehamishiwa mkoa mwingine, au unaitafuta kwa akaunti isiyo yake. Tiba inayoharibu kuliko ugonjwa ni ile inayokimbiliwa na kila mtu: kumwandika babu upya. Baada ya wiki mbili yule wa kwanza anaibuka, sasa mna mababu wawili, binamu yenu wa Dodoma anawaunganisha kichwa chini miguu juu, na kazi ya dakika kumi inakuwa ya miezi.

Kwa hiyo kabla ya kugusa kitufe chochote, andika kwenye karatasi: ni tovuti gani, uliingia kwa akaunti ipi, mara ya mwisho ulimwona lini, na kama unayo, namba ya mtu huyo. Kila mtu kwenye FamilySearch, moja ya tovuti za miti ya ukoo, ana namba yake ya herufi na tarakimu zenye kistari katikati. Namba hiyo ina thamani kuliko jina.

Jua pia uko kwenye mti wa aina gani. FamilySearch, Geni na WikiTree ni miti ya pamoja: babu ana ukurasa mmoja na watu wengi wanaweza kuuhariri. Ancestry na MyHeritage kila mtu ana mti wake, kwa hiyo kama kitu kimebadilika humo, ni wewe au mtu uliyemkaribisha.

Dalili ya 1: Umeingia, ukurasa mweupe, mti wote hakuna

Sababu namba moja ni akaunti mbili. Mwaka juzi ulifungua kwa barua pepe. Simu ikaibiwa stendi, ukanunua nyingine, ukajiandikisha kwa namba ya simu. Mfumo unawaona watu wawili, na huyu wa pili hana ndugu. Tafuta kwenye barua pepe zako zote ujumbe wa kukukaribisha kutoka kwenye tovuti ile. Ukiupata, toka, kisha ingia kwa akaunti ya zamani. Nusu ya wateja wangu huishia hapa na nawatoza hela ya intaneti tu.

Ikiwa sio hiyo, huenda mti umefunguka kwa mtu mwingine. Uliacha ukurasa ukiwa kwa mjomba wa mkeo, na mfumo unaanzia hapo. Tafuta sehemu ya kurudi kwako mwenyewe.

Baadaye ndio ulaumu mtandao. Ukiwa Bulongwa au Matamba na bando linasuasua, programu ya simu huonyesha matawi nusu na kuacha mengine bila kukuambia. Fungua tovuti ileile kwenye kivinjari, ukiweza kwenye kompyuta, kabla hujafuta programu na kuipakua upya.

Na kama unatumia Ancestry na malipo yameisha, mti uliojenga unabaki. Kinachofungwa ni rekodi zao ulizozibandika kwenye majina. Watu huona kufuli kwenye cheti na kudhani mti umekufa.

Onyo: ikiwa umesahau nenosiri na namba ya kurejesha akaunti ni laini uliyoiacha kitambo, simama. Laini isiyotumika hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine, ambaye sasa ndiye atapokea namba zako za siri. Nenda na kitambulisho chako kwa kampuni ya simu uulize kama laini bado inaweza kurudishwa. Ikishindikana, iandikie huduma ya wateja ya tovuti husika. Kijana anayekuambia "nitumie tu ile SMS nikufungulie" hafungui akaunti; anaichukua.

Dalili ya 2: Mti upo, mtu mmoja hayupo

Anza na swali ambalo watu hawapendi: je, huyu mtu ni hai? Au mfumo unadhani ni hai? Kwenye FamilySearch mtu aliye hai huonekana kwa yule aliyemwandika tu, au kwa wale walioshirikishwa naye kwenye kikundi cha familia. Na asiye na tarehe ya kifo, kama alizaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, huhesabiwa kuwa huenda bado anaishi. Kaka yako wa Iringa alimwandika bibi bila tarehe ya kifo. Yeye anamwona, wewe humwoni. Hakuna aliyefuta. Mpigie kaka aandike mwaka wa kifo, hata kwa makadirio, na bibi ataonekana kwa wote.

Onyo dogo lakini zito: usimwandikie kifo mtu aliye hai ili tu aonekane. Nimeliona hilo likifanywa kwa baba mkubwa mmoja, na aliposikia, kikao cha ukoo kiligeuka baraza la usuluhishi. Ukimtangaza marehemu, taarifa zake zinatoka faraghani na kuonekana na dunia. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ina tume yake. Taarifa za mtu aliye hai si za ukoo kuzitandaza unavyotaka.

Sababu ya pili ni kuunganishwa. Mtu kaona kurasa mbili zinafanana, akazifanya moja. Moja ikabaki, nyingine ikazimwa. Andika ile namba ya zamani kwenye kisanduku cha kutafutia: ikikupeleka kwenye ukurasa wenye namba nyingine, umepata jibu.

Sababu ya tatu: uhusiano umekatwa. Babu yupo, lakini kamba inayomfunga kwa baba yako imeondolewa, kwa hiyo anaelea peke yake. Hapa namba tena ndiyo mkombozi. Bila namba, tafuta kwa jina lake na la mke wake pamoja.

Kufutwa hasa kunakuja mwisho. Kwenye FamilySearch mtu anaweza kufuta ukurasa ikiwa aliuanzisha mwenyewe na hakuna mwingine aliyeuhariri. Dada zetu wapendwa, wale mliogombana na wifi na kufuta tawi lote usiku: ndiyo, tunajua.

Dalili ya 3: Yupo, lakini mkoa, jina au tarehe si zile

Nitakaa hapa kidogo, maana Nyanda za Juu Kusini ni shimo la matatizo haya.

Mikoa yetu imegawanyika. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012. Songwe ilitoka Mbeya mwaka 2016, ikachukua Mbozi, Momba na Ileje. Tovuti zinatumia orodha sanifu ya mahali, na orodha hiyo ikisasishwa, aliyezaliwa "Mbozi, Mbeya" anaweza kuwa wa "Mbozi, Songwe". Ukitafuta Mbeya, kimya. Rekodi haijaenda popote. Mpaka ndio umehama. Tafuta kwa wilaya au kwa kijiji, uache mkoa wazi.

Rudi nyuma zaidi, majina yanakuwa ya Wajerumani na Waingereza. Tukuyu iliandikwa Neu-Langenburg. Wanyakyusa waliandikwa Konde. Enzi za Waingereza sehemu kubwa ya huku ilikuwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, na nchi ni Tanganyika. Kuna mteja wangu ambaye babu yake alikuwa ameandikwa amezaliwa "Langenburg", na mfumo ukamchagulia Langenburg ya Ujerumani, maana mji huo upo kweli, kusini mwa nchi ile. Mzee aliyeishi maisha yake akilima ndizi Rungwe akawa Mjerumani kwa kubofya mara moja. Rekebisha kwa kuandika kwanza jina kama lilivyo kwenye hati, kisha uchague mwenyewe mahali sanifu. Usikubali lile la kwanza unalopendekezewa.

Tahajia ndiyo inayofuata. Mjerumani aliandika alichosikia kwa sauti za kwao. Usangu kwake ni Ussangu. Sauti yetu ya ch inaweza kuwa tsch, sh ikawa sch, y ikawa j, w katikati ya neno ikawa u. Mkwawa aliandikwa Quawa. Na huyohuyo ndiye Mkwavinyika, ndiye wa Munyigumba, ndiye Mwamuyinga. Mtu mmoja mwenye majina hayo yote, aliyefariki tarehe 19 Julai 1898, anaweza kukaa kwenye mfumo kama watu wanne. Kwa babu yako asiye mtemi hali ni hiyohiyo, isipokuwa hakuna mwanahistoria wa kumtetea. Tumia nyota mahali pa herufi usizo na hakika nazo: andika Mwak*sa, na Mwakyusa, Mwakiusa na Mwakjusa wote watakuja. Jaribu L mahali pa R.

Halafu jina la ubatizo. Babu aliitwa jina la kwao mpaka siku alipobatizwa. Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, kwa hiyo kuna koo ambazo zina vizazi vinne vya majina mawili mawili. Weka moja kuwa jina kuu na jingine kuwa jina mbadala. Usiweke mabano, usiweke mkwaju (/), mfumo hauelewi.

Tarehe ni jambo fupi. 4/7/1952 kwetu ni tarehe nne Julai, kwa Mmarekani ni Aprili saba. Andika mwezi kwa maneno, basi.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, fungua historia ya mabadiliko ya ukurasa. Utaona nani alibadilisha nini na lini, na mabadiliko mengi yanaweza kurudishwa. Lakini kwanza mwandikie ujumbe aliyebadilisha, kwa adabu. Huenda ana cheti wewe huna. Mara mbili nimekuta aliyekosea ni mteja wangu.

Dalili ya 4: Wake wa babu wamepungua, watoto wamechanganyika

Hili halina dawa ya haraka, na hapa ndipo ninapomwambia mtu aweke simu chini, tuvute kiti.

Chanzo kikuu ni watu wa mbali wanaofanya usafi. Wanaona mwanaume mmoja ana wake watatu kwa wakati mmoja, wanadhani ni mke mmoja aliyeandikwa mara tatu, wanaunganisha. Watoto wa nyumba tatu wanalala kitanda kimoja. Utaigundua kwa tarehe: mama kajifungua Machi na tena Juni mwaka huohuo.

Chanzo cha pili ni majina yetu. Mfumo umejengwa kwa watu wenye jina la ukoo linaloshuka bila kubadilika. Sisi tunaandika jina letu, la baba, la babu, kwa hiyo jina la tatu la baba na la mtoto si moja. Upande wa Wanyamwanga ni zaidi: kaka ni Silwimba, dada yake wa tumbo moja ni Nalwimba. Mtu asiyejua anaona koo mbili, anamtoa dada kwenye familia. Lusajo akiandikwa wa kiume wakati ni wa kike, mumewe anageuka kuwa kaka yake.

Cha tatu ni lugha ya heshima. Mtu alimhoji mzee, mzee akasema "baba yangu", akimaanisha baba mdogo. Akasema "kaka", kumbe ni mtoto wa baba mkubwa. Na mjane aliyerithiwa na mdogo wa marehemu, watoto waliozaliwa baadaye wazee huwahesabu kwa marehemu, sensa inawahesabu kwa mdogo. Wote wawili wanasema kweli.

Hatua ya kwanza: usihariri chochote kwenye ukurasa uliounganishwa. Nasisitiza, usiguse hata nukta. FamilySearch hukuruhusu kutengua muungano kwa kitufe ikiwa hakuna kilichobadilishwa baada yake. Ukianza kusahihisha tarehe na kuongeza watoto kwa hasira, unajifungia mlango. Itabidi umrudishe yule aliyezimwa na kuhamisha watoto mmoja mmoja kwa mkono. Nenda moja kwa moja kwenye historia, tafuta muungano, utengue.

Ukifanikiwa, weka ulinzi. Kwenye kila mke andika maelezo ya wazi: "Mke wa pili, nyumba ya Lufilyo, si yule wa nyumba ya Masoko. Usiunganishe." Andika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana anayeunganisha yuko mbali. Wabandikie watoto chanzo, hata kama ni "simulizi ya bibi, iliyoandikwa Agosti". Ukurasa usio na chanzo ndio huunganishwa kwanza. Na ufuatilie kila mke kwa kubonyeza sehemu ya kufuatilia, utapata barua pepe mtu akiwagusa.

Wakirudia kuunganisha mara ya tatu, acha kuvutana nao. Geni ina wasimamizi wa kujitolea wanaoitwa kureta wenye uwezo wa kufunga ukurasa. Tovuti nyingine zina dawati la msaada. Peleka ushahidi, subiri.

Dalili ya 5: Picha ya kitabu cha zamani niliiona, leo ina kufuli

Umeingia? Picha nyingi hazifunguki kwa mtu ambaye hajaingia. Hilo likishindikana, angalia alama: kamera yenye ufunguo juu yake ina maana picha ipo lakini mkataba na mwenye kitabu unaizuia. Kanisa au nyaraka za nchi fulani zinaweza kubadilisha masharti, na picha iliyokuwa wazi nyumbani ikawa ya kuangaliwa kwenye kituo cha FamilySearch tu. Bonyeza alama usome sharti. Kabla ya kupanda basi kwenda kituo chochote, piga simu uulize kama hapo inafunguka.

Wakati mwingine ni kiungo kilichokufa. Ulinakili anwani ya ukurasa wa matokeo, sio ya rekodi. Anwani ya kudumu ya FamilySearch ina neno ark ndani yake. Ndiyo ya kutunza. Ile ndefu yenye alama za kuuliza hufa.

Na kumbuka faharasa, ile orodha ya majina unayotafutia, si kitabu. Mtu alisoma mwandiko wa mmisionari akachapa alichofikiri ameona. Faharasa ikisahihishwa, jina "linapotea" huku kitabu kikiwa kilekile kabatini. Kwa Moraviani, nyaraka nyingi za wamisionari ziko Herrnhut, Ujerumani. Rejista za parokia ziko parokiani. Nyaraka za serikali ya Mjerumani na Mwingereza, uliza Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Vyeti ni RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo.

Onyo: ukipata nafasi ya kushika rejista ya zamani, usiibonyeze chini kwenye skana ili ilale. Uti wa kitabu unakatika. Piga picha kwa simu kikiwa kimefunguka nusu, bila mwanga mkali. Kikiwa na ukungu au kurasa zimegandana, kifunge na umwite mtu wa nyaraka.

Dalili ya 6: Tovuti yenyewe haipo

Hutokea. Geocities, ambako watu wengi waliweka kurasa za ukoo, ilifungwa 2009. Mundia, tovuti ya miti ya ukoo, ilifungwa 2014. Mei 2018, sheria mpya ya data ya Ulaya ilipoanza, Ysearch na Mitosearch, tovuti za kulinganisha vinasaba, zilizimwa. Jaribu anwani ya zamani kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandaoni. Kurasa za maandishi hupatikana, zilizohitaji kuingia mara nyingi hazipatikani. Na ndugu wa kwenye vipimo vya vinasaba akitoweka, kwa kawaida amefuta akaunti yake mwenyewe. Hana deni la kukueleza.

Simama, mwite mwenye kazi yake

Mirathi ikiwa mahakamani, usiguse mti hata kurekebisha herufi. Historia ya mabadiliko inaonyesha siku na saa, na wakili wa upande wa pili anaweza kuisoma. Mti wa mtandaoni haumfanyi mtu kuwa mrithi. Mwone wakili au msaidizi wa kisheria.

Majibu ya vinasaba yakisema baba si baba, usiyaweke kwenye mti, usiyatume kwenye grupu la ukoo. Hapa Mbeya kuna ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Vipimo vyenye nguvu ya kisheria vina utaratibu wake. Ongea kwanza na mshauri, na mama wa mtu huyo asije akasikia kutoka kwenye simu ya mtu mwingine.

Akaunti ikiwa imeibwa na mtu anaomba hela kwa jina lako, nenda polisi ukiwa na picha za skrini.

Baada ya kurekebisha, chukua nakala. Ancestry, MyHeritage, Geni na WikiTree zinakupa mti wako kama faili la GEDCOM. Mti wa FamilySearch hautoi moja kwa moja, watu hupitia programu kama RootsMagic. GEDCOM ya kawaida haibebi picha, ni majina na tarehe, kwa hiyo picha pakua kando. Weka kwenye flashi mbili. Kisha uchapishe, uandike kwa kalamu namba ya kila mtu pembeni mwa jina lake. Mti wetu sisi upo kwenye daftari gumu, kurasa tisini na sita, na linakaa kwa shangazi Kiwira kwa sababu katika ukoo mzima ndiye pekee asiyekopesha kitu.